Kukompaili FFmpeg kwa ajili ya kaseti za mzee, siku ya nne

Imekubali jamani, leo FFmpeg, ile programu ya kubadili na kubana sauti na video, imekubali kukompailika, yaani kujengwa kutoka kwenye kodi yake!

Kwa ambao hamkufuatilia mwanzo, marehemu baba alipokuwa Maskati hakuwa mtu wa barua, alikuwa anajirekodi kwenye kaseti anamtumia mama. Ziko 11. Zote nishaziingiza kwenye laptopu, kila upande dakika 45, na nataka ziwe faili ndogo mama azisikilize kwenye simu kule Pangani bila kumaliza bando. Sauti ya mtu anaongea ukiibana kwa HE-AAC, aina ya AAC ya kubana sauti iwe faili dogo sana, kilobiti 32 kwa sekunde, inabaki safi, na upande mzima unakuwa kama MB 11, kwa kilobiti 128 ungekula MB 43.

Sasa FFmpeg inayokuja na Ubuntu haina libfdk_aac, laibrari ya Fraunhofer inayotoa HE-AAC, na enkoda (kibanaji) yake yenyewe ya AAC haitoi HE-AAC. Leseni ya Fraunhofer haipatani na GPL, leseni ya programu huria inayotumika na baadhi ya sehemu za FFmpeg, ukishazichanganya huruhusiwi kumgawia mtu programu iliyotoka, kwa hiyo kila mtu anajikompailia ya kwake. Mimi nataka na x264 humo humo, laibrari ya GPL ya kubana video, maana kuna kanda za harusi zinasubiri, ndo maana kwenye configure, skripti ya kuchagua nini kiingie kabla ya kujenga, ilibidi niweke --enable-gpl pamoja na --enable-nonfree.

Siku mbili za kwanza nilikuwa naongeza tu vitu vilivyokosekana. Ikadai nasm (asembla, inayogeuza kodi ya asembli kuwa ya mashine) nikaweka, fdk-aac nayo autoreconf, amri ya kuiandaa kabla ya kuijenga, ikagoma mpaka nilipoweka libtool, halafu FFmpeg ikaniambia "libfdk_aac not found" wakati nimetoka kuiinstoo dakika hiyo hiyo! Nikafungua ffbuild/config.log, nikashuka mpaka mwisho, kumbe pkg-config, kifaa kinachoionyesha configure laibrari ziko wapi, haikuwepo kwenye mashine. Nikaweka pkg-config, configure ikapita.

Jana ndo ilikuwa kazi. Nilikuwa natumia sosi (kodi chanzo) ya FFmpeg 4.4 niliyokuwa nayo kwenye flashi muda mrefu, nikapiga make -j4, amri ya kujenga programu, ikaenda vizuri kama dakika tatu hivi halafu ikasimama, na pale chini hakuna cha maana, "Error 1" tu. Ukitumia -j4 kazi nne zinaandika kwa pamoja, kosa lenyewe linakuwa limeshafukiwa huko juu, kwa hiyo nikarudia make peke yake bila -j, ikasimama palepale kwenye kosa:

libavcodec/x86/mathops.h: Error: operand type mismatch for `shr'

Mistari kibao ya hivyo hivyo. Nilishuku laptopu, nikashuku nasm, nikafuta folda nikaanza upya, wapi. Chanzo ni binutils, kifurushi chenye asembla nyingine ya mfumo: kuanzia 2.41 ya mwaka 2023 asembla imekuwa kali, ile namba inayopewa shr (amri ya kusogeza biti) kwenye mathops.h ikizidi ukubwa unaokubalika inaikataa, matoleo ya nyuma yalikuwa yanaiachia tu. FFmpeg walisharekebisha, kuanzia 6.1 hilo tatizo halipo. Nikashusha toleo jipya usiku bando la usiku likiwa hai, configure ile ile, make -j4, nikaenda kulala.

Asubuhi imemaliza. sudo make install, naiita ffmpeg inasema haioni libfdk-aac.so.2. Hii niliijua, sudo ldconfig mara moja mfumo usome upya orodha ya laibrari, basi. Halafu:

ffmpeg -i kaseti1a.wav -ac 1 -c:a libfdk_aac -profile:a aac_he -b:a 32k kaseti1a.m4a

Nikavaa hedifoni. Mzee anakohoa kidogo, anasogeza kiti, anasema "Mama Salma, hapa saa mbili usiku, joto halina mfano." Hata feni iliyokuwa nyuma yake inasikika.

Nimemtumia mama saa tisa. Amepiga saa kumi na moja, hakusalimia, kauliza upande wa pili uko wapi. Naubana sasa hivi. Kaseti ya 7 utepe umekatika, kesho naufungua niuunge.