Mshale Uliposhuka Kapsoit

Gari langu la kwanza nililinunua Kisumu, likizo ya Aprili mwaka 2012, na tulipofika kulitazama tulikuta injini tayari ina moto. Wakati ule sikulitia hilo maanani.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Nakuru, na mkopo wa SACCO ulikuwa umetoka wiki moja kabla ya shule kufungwa. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, namba za KAS, rangi ya fedha, injini ya 5A. Mwenyewe alitaka shilingi 390,000, tukapatana 365,000. Nilimwomba baba anisindikize. Baba alikuwa ameendesha malori miaka 27 kati ya Mombasa na Kampala kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Luanda ya Vihiga, na mimi niliamini hakuna gari linaloweza kumficha kitu. Alikuja na matatu ya asubuhi, amevaa koti lake la kijivu, mkononi mfuko wenye tochi na kitambaa kikuukuu.

Gari lilikuwa chini ya mwembe katika boma moja mtaa wa Milimani, limeoshwa, matairi yanang'aa. Baba hakutazama rangi. Alikwenda moja kwa moja mbele, akaweka mgongo wa mkono juu ya boneti, akautoa, kisha akauweka tena.

"Umetoka nalo wapi asubuhi hii?"

"Sijatoka nalo, mzee. Nimeliwasha tu ili lisiwasumbue mkija."

Baba akanivuta kando hadi karibu na lango. Yeye huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Mama, turudi kesho alfajiri kabla halijawashwa. Injini ikiwa ya moto siwezi kufungua rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, na hosi zitakuwa ngumu tu hata kama gari ni zima. Acha lilale kwanza."

Nilimkatalia. Mwenye gari alikuwa ametuambia kuna mtu yuko njiani kutoka Busia na pesa taslimu, nami nikasadiki. Isitoshe, mtoto wangu ana pumu, na mara mbili mwaka ule nilikuwa nimesimama barabarani usiku wa manane, nimembeba mgongoni, nikitafuta teksi ya kutupeleka hospitali. Nilitaka kulala nikijua gari liko nje ya mlango. Baba alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Pesa ni zako."

Tulilijaribu hadi Dunga na kurudi, njia ambayo haina mlima wa maana. Lilikwenda vizuri. Mshale wa joto ulikaa chini kabisa, hata nusu haukukaribia, nami nikaona hiyo ni dalili njema. Mkataba ukaandikwa, na ndani yake yale maneno ya kawaida kwamba gari limenunuliwa lilivyo na mahali lilipo. Siku hizo mambo ya umiliki yalikuwa bado yako KRA, mamlaka ya kodi, na NTSA, mamlaka ya usafiri, haijaanza kazi, kwa hiyo nikapewa fomu C ya kuhamisha umiliki iliyotiwa sahihi, logibuku, nakala ya kitambulisho na ya PIN ya kodi. Kufikia saa saba mchana tulikuwa barabarani kuelekea Nakuru, baba akiwa kiti cha kando kwa sababu alisema gari ni langu na lazima nilijue mwenyewe.

Kutoka Kisumu hadi Ahero ni tambarare. Mpunga ulikuwa umesimama majini pande zote mbili, na mto Nyando ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo yakipita chini ya daraja kwa kasi. Tukapita Awasi. Baada ya hapo barabara huanza kupanda, na haichoki kupanda hadi Kericho. Kisumu iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, Kericho inakaribia 2,000, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo gari huipanda kwa mkupuo mmoja.

Baada ya Kipsitet mshale ulianza kuinuka. Ulifika nusu, ukapita nusu. Baba aliuona kabla yangu.

"Rudisha gia ya tatu, usiikanyage sana. Fungua madirisha yote, kisha fungua hita mpaka mwisho."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mchana ule, na jasho lile, hita? Lakini nikafungua. Hewa ya moto ikatupiga usoni na miguuni kama ya mdomo wa tanuri. Baba alinieleza kwa utulivu kwamba hita ya gari ni rejeta ndogo: maji ya injini hupita ndani yake, na feni ikipuliza, joto linalotoka injini linakuja kwetu. Tutaumia sisi kidogo ili injini ipumue. Mshale ukatulia. Tukaenda hivyo kilomita kadhaa, shati la baba limelowa mgongoni, mimi macho yangu yakihama kati ya barabara na dashibodi.

Tulipokaribia Kapsoit, pale majani ya chai yanapoanza kushika vilima, mshale ulianguka. Haukushuka taratibu, ulianguka mara moja hadi chini. Nilishusha pumzi, nikacheka kwa furaha. "Baba, imepoa!"

Baba hakujibu. Alinyoosha mkono akauweka mbele ya tundu la hewa, vidole vimetanuka, akausubirisha pale. Kisha akaugeuza upande wa pili.

"Hewa ni baridi," akasema. "Toka barabarani, mama. Zima gari. Zima sasa hivi."

Nilitoka, nikazima. Ndipo tuliposikia mlio kutoka chini ya boneti, kitu kama mafuta yanayokaangwa, na mvuke ukaanza kupenya kwenye mianya.

Kilichotokea ni hiki, na naomba kila anayeendesha gari akishike. Kile kinachopima joto la injini kimetumbukizwa kwenye maji. Maji yakiisha, hakigusi tena kitu cha kupima isipokuwa hewa na mvuke, na mshale unaweza kurudi chini huku chuma kikiungua. Hita nayo ikikosa maji hupuliza hewa baridi. Ishara zote mbili zilikuja pamoja, na mimi nilifurahia ile ya kwanza. Ningeongeza kilomita mbili tu, injini ingeshikana.

Nilitaka kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Baba alinishika mkono, akakunja mkono wa koti lake. Kovu lile nilikuwa nimeliona tangu utotoni, ngozi laini isiyo na nywele kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, lakini sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. "Mazeras, mwaka 1983," akasema. "Nilikuwa utingo. Dereva aliniambia nifungue, nikafungua."

Tukasubiri saa nzima. Kijana wa bodaboda alituletea maji katika jerikeni ya lita 20, akakataa malipo mpaka nilipomlazimisha. Wingu likajikusanya upande wa Kericho kama ilivyo kila alasiri ya Aprili. Nikiwa nimeketi kwenye majani, nilifikiria somo ambalo nilikuwa nimelifundisha miaka minane: shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda, na maji huchemka mapema. Pale tulipokuwa yangechemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana rejeta ina kifuniko cha springi kinachobana maji yasichemke upesi, na ndiyo maana ukikifungua kikiwa cha moto maji yote hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja na kukurukia. Nilikuwa nimewachorea wanafunzi jambo hilo ubaoni mara ngapi. Sikuwa nimewahi kuliona likiwa na ngozi ya baba yangu ndani yake.

Baadaye alikilowesha kitambaa chake, akakifunika kifuniko, akazungusha robo, akangoja, akazungusha tena. Alimimina maji kidogo kidogo ili chuma chenye joto kisipasuke. Kisha akaniambia niwashe. Viputo vikaanza kupanda shingoni mwa rejeta, mfululizo, kama chungu kinachotokota, ilhali maji yenyewe yalikuwa bado vuguvugu.

"Imepiga gasketi," akasema. "Moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hii si ya leo."

Mvua ilikuwa imeshaanza tulipopata pikapu ya kutuvuta hadi Kericho. Fundi aliyetupokea alikuwa kijana mpole, maneno machache. Alifungua kifuniko cha mafuta ya injini, akakigeuza nione. Chini yake kulikuwa na utando mzito, rangi ya chai ya maziwa, ukinata. Ni maji yaliyochanganyika na mafuta. Akaufuta kwa kidole, akaunusa, akampa baba naye anuse. Halafu akafungua pale themostati inapokaa. Hapakuwa na kitu, nyumba tupu.

Hapo ndipo nilipoelewa safari ya Dunga. Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukiutoa, maji huzunguka tangu mwanzo, na katika mwendo mfupi wa tambarare mshale hubaki chini hata gari likiwa gonjwa. Wapo mafundi wanaozitoa wakiamini kwamba nchi ya joto haizihitaji, na wanakosea, lakini hii haikuwa hivyo tu. Alipotoa maji ya rejeta, yalitoka na matope ya kahawia yenye chembe zinazong'aa: dawa ya kuziba uvujaji. Mtu alijua, na aliwasha gari lile kabla hatujafika kwa sababu alijua.

Nilimpigia simu muuzaji. Alisema mkataba nilisaini na gari nililijaribu mwenyewe, akakata. Nilipiga tena mara tano. Nililia, nasema kweli, nikiwa nimesimama kati ya mapipa ya mafuta machafu. Hadi leo naona alichotenda ni uovu, kwa maana alituona tukipakia mizigo na alijua ni mlima upi ulio mbele yetu. Baba alisubiri ninyamaze, akasema tu, "Njoo uone hedi inavyotolewa."

Tulikaa Kericho siku mbili, na naweza kusema nilifundishwa zaidi ya nilivyofundishwa chuoni. Hedi ya injini ile ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na joto likipita kiasi alumini hupinda. Katikati yake ndipo inapokaa gasketi, ikitenganisha moto, maji na mafuta visikutane. Fundi alilegeza bolti zote 10 akianzia pembeni kwenda katikati. Gasketi ilipotoka, alinionyesha kwa ncha ya bisibisi: kati ya silinda ya pili na ya tatu palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ulioliwa kabisa. Akalaza rula ya chuma juu ya hedi na kumulika kwa tochi ya baba kutoka nyuma. Mwanga ukapita chini ya rula, mstari mwembamba wa mwanga pale ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Hedi ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa.

Themostati mpya hakuifunga hivihivi. Aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukainama wote watatu. Ilikuwa imepigwa chapa ya namba 82. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kile kidude kikafunguka polepole, kama jicho la mtu anayeamka. Nilimwomba arudie. Akarudia mara tatu, bila kuchoka. Muhula uliofuata nilifanya jaribio hilohilo darasani, na hakuna mwanafunzi aliyesinzia.

Gasketi, mashine, themostati, kulanti ya kupoza injini, mafuta mapya na ufundi, vyote vilinitoka 21,500. Baba alilipa 8,000 kati ya hizo, na alipokataa nimrudishie sikubishana naye mara ya pili katika juma moja.

Tuliondoka siku ya tatu. Mau Summit, kisha mteremko wa Sachangwan, malori yakishuka kwa gia nzito na breki zao zikinuka, baba akinihimiza nikae mbali nao. Mshale ulikaa karibu na nusu, ukatulia pale kama uliopigwa msumari. Tulifika Nakuru jua likizama.

Kesho yake nilisikia mlango wa mbele ukifunguliwa kabla hakujapambazuka. Nilipotoka na leso mabegani, baba alikuwa amesimama mbele ya gari, tochi mdomoni, boneti iko wazi. Hakuwa ameliwasha. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya hosi kubwa ya rejeta, akaubonyeza kwa wake. Ilikuwa baridi, laini, ikibonyea. Akafungua kifuniko kwa vidole viwili. Akamulika ndani. Maji ya kijani yalikuwa yamefika shingoni, yametulia, bila kiputo, na uso wa tochi ukionekana ndani yake.

Tuliinama pale muda mrefu, tukitazama.

"Washa sasa, mama," akasema.