Ulikuwa unasubiri nini?

Jumamosi, foleni ya Sanawari, nilikuwa naongea na dada kwenye simu, spika imewashwa, mambo ya kikao cha send-off ya binti yake. Kitindamimba wangu amekaa pembeni. Akasema, "Mama, kuna taa nyekundu imewaka." Nikamwinulia kiganja: ngoja, wakubwa wanaongea. Akangoja. Nilipokata simu mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti. Rejeta ilikuwa imebaki kavu. Nikamgeukia, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Si umeniambia ningoje?"

Nililipaki gari pembeni nikaacha injini ipoe. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na si kwa ajili ya rejeta. Swali hilo nimewahi kuulizwa mimi, neno kwa neno, kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha, Januari 1991. Sikulijibu siku ile na sijalijibu mpaka leo.

Mimi na Baba tulikuwa na Zedi, gari lake la Datsun, kwa sababu pikapu alikuwa nayo Baba Mdogo, Rombo. Nilikuwa naenda kuripoti kidato cha kwanza, bweni, upande wa Arusha. Godoro lilikuwa limetangulia kwa basi. Tranka tuliilaza nyuma chini ya kioo, ndoo mbili zimepandana, fyekeo, na jembe ambalo mpini wake ulipita katikati ya viti ukawa unanigusa kiwiko njia nzima. Mama alibaki getini. Zedi ina viti viwili tu.

Kwa Baba, gari hilo halikuwa la kubebea tranka. Datsun 240Z, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, boneti refu linalofunguka kwa nyuma, upande wa kioo, kama mdomo uliogeuzwa. Alilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Canada, akalipa kwa mafungu ya kahawa miaka mitatu. Ujana wake aliwahi kusimama barabarani kuona magari ya mbio za Safari Rally yakipita, enzi mbio hizo zikiingia bado nchini kwetu, na alikuwa anakusimulia washindi wake kama jamaa wa ukoo: 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na 240Z. Ya 1973 ndiyo aliyoipenda zaidi. Mehta na Harry Källström, naye yuko kwenye Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu yeye alifika mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. "Sawasawa kabisa, mwanangu," Baba alikuwa anasema, na viganja vyake viwili anaviweka sambamba hewani. Siku ile alianza kuisimulia Weruweru, akaimaliza tukiwa tunapanda kutoka daraja la Kikavu.

Wiki hiyo alikuwa amefungua kabureta zote mbili juu ya magazeti, mezani tunapolia chakula. Nyumba nzima ilinuka petroli, hata ugali tuliuona kama unanuka. Naitaja kabureta kwa sababu ndiyo iliyokuwa kichwani mwake.

Tukapita Boma Ng'ombe. Pale nchi inafunguka, upepo ni wake, vumbi linasimama lenyewe na kuzunguka mashambani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Mlima ulikuwa nyuma yetu, mweupe, hauna hata wingu. Sikutaka kugeuka kuutazama kwa sababu nilijua nitalia. Kwa hiyo nilikazia macho kwenye dashibodi. Saa ndogo ya katikati ilikuwa imekufa tangu zamani. Mbele ya Baba kulikuwa na maduara mawili makubwa, moja la spidi, moja la RPM, yaani mizunguko ya injini, na mshale wa RPM ulikuwa umetulia kwenye tatu.

Ukaanguka.

Sikuuona ukishuka. Niliuona uko kwenye tatu, kisha nikauona uko kwenye sifuri, umelala. Mshale wa spidi ulikuwa bado themanini. Injini haikukohoa wala kushtuka. Mngurumo tu ndio ulikatika, ikabaki inahema kama mtu anayepumua kwa mdomo. Baba alikaa sekunde kadhaa mguu uko kwenye mafuta, gari bado liko kwenye gia, ndipo akakanyaga klachi na kulitoa barabarani.

"Petroli," akasema. "Kuna uchafu umebaki kwenye kabureta."

"Baba..."

"Ngoja, mwanangu."

Nikangoja. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akaniambia nipige stata. Petroli ikaruka vizuri tu. Akasema basi imechemkia kwenye pampu. Akalowesha kitambaa kwa maji yangu ya dumu, yale ya kunywa shuleni, akaifunika. Tukakaa. Kila nilipopiga stata injini ilishika, vuup, na kila nilipoachia ufunguo ikafa. "Unaona? Inapata tone moja halafu inakosa," alisema, na kweli ukisikiliza ilifanana hivyohivyo. Kifodi kimoja kikasimama, konda akatoa kichwa: "Mangi, tuwasaidie nini?" Baba akamtuma Boma amtafutie fundi. Kikaondoka kimejaa, watu wote wanatazama gari.

Mara ya pili nilipofungua mdomo alikuwa anapuliza jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, ameinama, jasho linadondoka kwenye mfuniko wa kabureta. Niliufunga. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake, tena mbele ya kazi ya mikono yake. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa fimbo. Nililikuta nyumbani kama nilivyokuta meza na viti.

Saa mbili zilipita. Labda zaidi, saa ya gari haikutusaidia.

Fundi alishushwa na lori la mchanga. Mtu mzima, mvi kidogo, kikapu cha ukindu mkononi: plaizi, bisibisi mbili, msasa, utepe mweusi, na balbu ya indiketa iliyounganishwa na waya mbili. Nikamwamkia, akaitikia kwa kutulia. Baba akamweleza yote: jeti, mpira, pampu, joto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitu. Kisha akamwomba apige stata mara tatu, yeye ameweka sikio tu.

"Lilizima vipi, mzee? Lilikohoa kwanza, au lilikata?"

"Lilikohoa kidogo," Baba akasema.

Halikukohoa. Sikusema kitu, lakini nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu fundi alinigeukia.

"Na wewe, binti? Si ulikuwa umekaa humu?"

Nilimtazama Baba kwanza. "Halikukohoa. Mshale ulianguka."

"Upi?"

"Wa RPM. Ulianguka mpaka sifuri. Wa spidi ulikuwa bado themanini."

Fundi akaweka plaizi chini. Akamweleza Baba, kwa adabu, kama anayemkumbusha jambo analolijua. Petroli ikikatika na gari liko kwenye gia, matairi yanaendelea kuizungusha injini, moto wa umeme unaendelea kwenda kwenye koili inayotengeneza cheche, kwa hiyo mshale unaendelea kusoma. Ukilala ghafla huku gari linakimbia, ni karenti iliyokatika. Na ile ya kushika na kufa? Ukipiga stata, koili inapelekewa moto kwa njia ya mkato, moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, moto unarudi njia ndefu: unatoka kwenye swichi, unapita nyuma ya geji ya RPM, unaenda kwenye kile kijiwe cheupe cha resista, ndipo unafika kwenye koili. Njia fupi ni nzima. Ndefu imekatika mahali.

Baba alisikiliza. Kisha akanigeukia, sauti yake ya chini kabisa.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, vimejaa vumbi.

Fundi alishika waya mmoja wa balbu kwenye bodi, mwingine kwenye kijiwe cheupe, swichi imewashwa. Giza. Akaupeleka kwenye swichi: ikawaka. Basi ugonjwa uko kati ya hapo na hapo, nyuma ya geji. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, ukakwama kwenye kifundo. Baba akajaribu wake, ukakwama mapema zaidi. Wote wawili wakanitazama.

Nililala chali, kichwa karibu na pedali, sketi ya shule niliyopigiwa pasi na Mama alfajiri ikiwa kwenye zulia la gari. Kulikuwa na harufu ya mpira uliopigwa jua na vumbi la zamani. Huko juu hakukuwa na cha kuona, weusi mtupu, na fundi alinielekeza kwa sauti kupitia mlangoni: panda na mkono, pita bomba, tafuta waya mbili nene kuliko wenzake, zifuate. Nilizipata. Zilikuwa kavu kama kamba ya katani. Nikazifuata mpaka vidole vikagusa kiungo cha plastiki, na nilipokigusa kikamong'onyoka, punje zikanidondokea machoni.

"Imewaka!" Baba alikuwa ameshika balbu upande wa boneti. "Imezima."

"Bana hapohapo," fundi akasema.

Nikabana.

"Imewaka." Kisha, "Imezima." Nikasogeza kidole gumba unene wa kucha. "Imewaka. Inawaka, inawaka, usitoe."

Hapo ndipo siku nzima ilipo, kwangu. Mkono wangu hauoni kitu, macho yangu yamefumbwa kwa ajili ya punje, na baba yangu ananisomea anachokiona, neno moja baada ya jingine, na kila neno nalihitaji. Nilikuwa na miaka 14. Sidhani kama kabla ya hapo tuliwahi kufanya kazi moja mimi na yeye, kila mmoja akiwa na nusu yake. Nilitamani fundi asiseme inatosha.

Akasema inatosha. Nikazivuta zile waya kidogo kidogo mpaka zikaning'inia pale plaizi inapofika. Akakata kiungo kilichokufa, akakwangua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, akazisokota, akazifunga utepe mweusi mara nyingi. Baba akawasha. Akaachia ufunguo. Zedi ikaendelea kunguruma na mshale ukapanda taratibu. Tulikaa watatu tukiutazama kama watu wanaotazama mtoto akianza kutembea.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Fundi alilipwa, akakataa nyongeza. Tulipita King'ori, Kikatiti na Usa River bila kusemeshana sana. Shuleni tulifika jua linazama; matroni alinikaripia kwa sketi chafu na Baba akasema, "Alikuwa ananisaidia." Akanishika bega. Akaondoka.

Miaka yote nimelichukua swali lake kama karipio. Niliona si haki: umenifunza kungoja, kisha unaniuliza kwa nini nimengoja. Niliahidi sitamfanyia hivyo mtoto wangu. Na Jumamosi nikalisikia likitoka kinywani mwangu, na nikajua kwa nini nimelisema. Sikuwa na hasira naye. Niliogopa, na niliona aibu kwamba aliniambia na mimi nikainua kiganja. Sijui kama na kwake ilikuwa hivyo. Huenda.

Jioni nilimwita binti yangu nikamwomba radhi. Nikamwambia siku nyingine ukiona taa nyekundu, nikatize, hata nikiwa naongea na nani. Akafikiri. "Na ikiwa ya njano?"

Bado sijampa jibu.

Jana nilimpigia Baba. Zedi ameifunika turubai kule nyuma, ile waya haijawahi kuguswa tena. Tuliongea habari za migomba na mguu wake, kisha nikamuuliza kama siku ile, pale mbele ya Boma, yeye aliuona mshale ukianguka. Alinyamaza kidogo, nilisikia kuku nyuma yake.

"Sikuuona," akasema. "Kulikuwa na lori nyuma yetu, limetukaribia sana. Nilikuwa naangalia lori."

Mimi lori silikumbuki kabisa.