Kiinua mgongo kinaishia kwenye tofali: hesabu za askari mstaafu anayeanza biashara Arusha na Moshi

Afande, jeshini ulizoea kitu kimoja ambacho uraiani hakipo: stoo. Gari likiishiwa mafuta, alikuwepo mtu wa mafuta. Buti likitoboka, ulisaini ukachukua jingine. Mchele wa kesho ulikuwa kazi ya mtu mwingine. Ndiyo maana wastaafu wengi hujenga vizuri halafu wanafilisika haraka. Banda linasimama imara, nguzo zimenyooka kama gwaride, bati ni la geji nzuri, na ikifika wiki ya 12 kuku hawana chakula. Fedha zote ziko kwenye tofali.

Mtumishi wa kiraia hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Askari wengi wa vyeo vya chini hutoka mapema zaidi, bado wana nguvu, na watoto bado wako shule. Huyo mtu ana miaka mingi ya kufanya biashara mbele yake, kwa hiyo hana sababu ya kumaliza fedha zote ndani ya mwezi wa kwanza.

Tenganisha fedha zako tangu siku ya kwanza. Mkupuo, yaani hicho kiinua mgongo, ni wa kuanzishia. Pensheni ya mwezi ni ya nyumbani: unga, ada, umeme, dawa. Biashara ikianza kula pensheni, nyumba nayo itaanza kula biashara, na baada ya miezi sita hakuna atakayejua hasara iko wapi. Fungua akaunti mbili, au hata laini mbili za simu, moja ya biashara na nyingine ya nyumbani, na usihamishe fedha kutoka moja kwenda nyingine bila kuandika.

Miezi mitatu ya mwanzo, mkupuo ukae mahali ambapo hauliki kirahisi lakini unapatikana. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa unaweza kutoa fedha ndani ya siku chache za kazi. Sehemu ambayo hutaigusa kwa miaka unaweza kuipeleka kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa: kiwango cha chini ni shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Faida nyingine ya kufanya hivyo ni kwamba ndugu akija kuomba umkopeshe milioni mbili za kiwanja, unamjibu kweli tupu kwamba hela haipo mkononi.

Miezi hiyo mitatu ni ya kusawazisha majina pia. Jina lililoko kwenye kumbukumbu za utumishi, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki liwe lile lile, herufi kwa herufi. Aliyeandikishwa jeshini kwa jina la babu na NIDA kwa jina la ukoo atasumbuka kwenye pensheni, kwenye TIN (namba ya mlipakodi), na kwenye kila fomu ya mkopo. Anza na kiapo cha mahakamani au kwa wakili kabla hujahitaji chochote.

Sasa tuingie kwenye biashara yenyewe. Nachukua kuku wa mayai kwa sababu ndiyo wastaafu wengi huikimbilia, kuanzia Kisongo na Ngaramtoni hadi Pasua na Kiboriloni, na kwa sababu hesabu yake inaonyesha wazi mahali fedha zinapopotelea.

Tuseme unataka kuku 300 wanaotaga. Agiza vifaranga 315, maana wachache watakufa hata ukifanya kila kitu sawasawa. Banda la sakafu ya maranda hubeba kuku watano hadi sita kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mita 10 kwa 6 zinakutosha. Urefu uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani. Ukuta wa tofali kozi tatu tu, juu yake wavu. Hapa ndipo askari hukosea kwa kupenda kazi nzuri: anapandisha ukuta hadi kwenye paa na kuweka madirisha madogo. Hewa chafu ya kinyesi inabaki ndani, macho ya kuku yanatoa machozi, wanaanza kukoroma, na mwenye banda ananunua antibayotiki kutibu kosa la fundi.

Sasa chakula. Kuku wa mayai anakula karibu kilo 8 kutoka siku ya kwanza hadi wiki ya 20. Mara 300 ni kilo 2,400, yaani mifuko 48 ya kilo 50, na bado hujaokota yai moja la maana. Baada ya hapo kila kuku anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chukua 115: kuku 300 wanamaliza kilo 34 na nusu kila siku, mfuko mmoja kwa siku moja na nusu. Kuanzia wiki ya 20 hadi ya 26 utagaji unapanda taratibu na mayai hayalipi chakula chote, kwa hiyo weka kando fedha ya mifuko mingine 20. Jumla ni mifuko 68. Nenda sokoni Mbuyuni kwa wa Moshi au Kilombero kwa wa Arusha, uliza bei ya mfuko leo, zidisha kwa 68. Hiyo ndiyo fedha inayotakiwa iwepo benki KABLA ya kununua tofali la kwanza. Kama haitoshi, punguza kuku wawe 150, na banda nalo lipungue nusu.

Kundi likikaa kwenye utagaji wa asilimia 85 linatoa mayai 255 kwa siku, trei nane na nusu za mayai 30. Gawanya chakula kwa trei: kila trei moja imekula kama kilo 4. Kwa lugha ya dukani, mfuko mmoja wa kilo 50 unakupa trei 12. Shika namba hiyo kuliko zote. Mfuko ukipanda bei, gawanya kwa 12, utajua papo hapo trei imekugharimu kiasi gani cha chakula. Chakula huchukua karibu asilimia 70 ya gharama zote za kuku wa mayai. Ukiona bei ya mfuko ukiigawanya kwa 12 imevuka robo tatu ya bei ya trei, hakuna kilichobaki cha chanjo, umeme, kijana wa banda na wewe mwenyewe. Na ukiona mfuko unatoa trei 9 badala ya 12, tatizo liko bandani: kuku wanamwaga chakula, panya wanakula, kuku wasiotaga wamo kundini, au kuna mkono wa mtu.

Wengi huchanganya chakula wenyewe ili kupunguza gharama, na inawezekana: paraza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Angalia dagaa. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika mbili. Mchanga utazama chini na utauona, na huo mchanga umeununua kwa bei ya protini. Mahindi yasiyokauka vizuri huota sumu kuvu, utagaji unashuka bila ugonjwa wowote kuonekana, na hakuna dawa ya kurudisha kilichoharibika. Ng'ata punje: ikibonyea badala ya kukatika kwa mlio, usiinunue.

Chanjo ya kideri siku ya 7, rudia siku ya 21, kisha kila baada ya miezi mitatu. Gumboro siku ya 14, na wataalamu wengi hurudia ya 28. Ndui wiki ya 6 hadi ya 8. Chanjo ya kwenye maji hufeli kwa sababu mbili zaidi ya zote. Moja, imebebwa kwenye mfuko wa rambo kutoka mjini bila barafu. Mbili, imechanganywa na maji ya bomba yenye dawa ya klorini, ambayo inaua chanjo kabla haijamfikia kuku. Tumia maji ya mvua au ya kisima, nyima kuku maji saa moja hadi mbili, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Mzigo wote wa mkupuo wako unategemea chupa ndogo kuliko kidole gumba, kwa hiyo ifuate mwenyewe na kibebeo chenye barafu, usimtume bodaboda.

Baridi ya Arusha mwezi Juni na Julai imeua vifaranga wengi kuliko mwewe. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, inataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wakijikusanya katikati wanapata baridi. Wakikimbilia pembeni na kupanua midomo wamepata joto. Anayetumia jiko la mkaa aache njia ya hewa, maana moshi usioonekana unaua usiku mmoja kundi zima na mlinzi pamoja nalo.

Baridi hiyo inakupa pia jibu la lini uanze. Watalii hufika kwa wingi kuanzia Juni hadi Oktoba, na kampuni za safari, kambi na hoteli zinahitaji mayai ya kifungua kinywa kila siku. Aprili na Mei mji huwa kimya. Kuku hufika kilele cha kutaga kwenye wiki ya 26 hivi. Vifaranga wakiingia mwanzoni mwa Januari, wanalelewa kwenye joto, mvua za masika zinawakuta wamekua, na kilele kinaangukia Julai. Anayeingiza vifaranga Juni anapigana na baridi, na anafika kilele msimu huo wa Juni hadi Oktoba ukiwa umeshapita.

Aliyekuwa fundi wa magari jeshini asikimbilie kuku. Ana mtaji kichwani tayari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, unapimwa kwa vitendo na kupewa cheti, na cheti hicho unaweza kukionyesha kwa kampuni za utalii za Arusha unapoomba wakupe magari yao. Gereji humezwa na spea za mkopo, basi mteja anunue spea mwenyewe, wewe ulipwe ufundi. Kuhusu kununua Noah au Hiace ya daladala na kumpa dereva akuletee hesabu ya jioni: kwa mstaafu asiyejua injini, sishauri.

Mkopo. Ukikopa, kopa baada ya biashara kuonyesha daftari la miezi sita, na ukope cha kuzungusha, si cha kujengea. Uliza swali moja kabla ya kusaini: riba inapigwa kwenye deni la mwanzo au kwenye deni linalobaki? Mfano wa milioni 3 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu. Ikipigwa kwenye deni la mwanzo hadi mwisho, unalipa 355,000 kila mwezi, riba ya mwaka 1,260,000. Ikipigwa kwenye deni linalobaki, unalipa kama 310,500 kwa mwezi, riba kama 725,000. Asilimia ni ile ile kwenye karatasi, na tofauti ni zaidi ya nusu milioni.

Anayekwambia chukua laki moja mwezi ujao ulete laki na thelathini anatoza zaidi ya mara nane ya ukomo huo. Hiyo ndiyo kausha damu. Na mkopeshaji anayetaka kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, msimamo uwe mmoja: ondoka. Pensheni ikiingia yeye ndiye atakuwa wa kwanza kwenye mashine.

SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ni njia safi zaidi. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Wastaafu wengi hutoa akiba yote siku wanayotoka kazini, na hapo hapo wanapoteza haki ya kukopa. Soma masharti kwanza. Mkoa wa Kilimanjaro una mizizi mirefu ya ushirika, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianza mwaka 1933 na chuo kikuu cha ushirika kiko Moshi mjini, kwa hiyo mtu wa kukagua katiba ya kikundi chenu hayuko mbali. Wastaafu watano wanaonunua mahindi pamoja wakati wa mavuno wanapata bei ambayo mmoja hapewi. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri imegawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Wewe huenda humo kwenye makundi hayo, ila mama watoto akiwa kwenye kikundi hai anaweza kuomba.

Karatasi ni chache. TIN ya TRA ni bure, usimlipe mtu. Kisha mkataba wa eneo, na leseni unaomba kwa mtandao kupitia mfumo wa TAUSI wa halmashauri. Mwenye duka aweke daftari hata kama ni la kurasa 96: kwa viwango vya makadirio vya mwaka 2022, mauzo ya milioni 5 kwa mwaka bila kumbukumbu yanatozwa 100,000, na yenye kumbukumbu asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Na usipake duka rangi za kombati wala kumvalisha kijana wa banda koti lako la zamani. Mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na wewe sasa ni raia.

Vifaranga wa Januari agiza Novemba, maana mwishoni mwa mwaka foleni huwa ndefu. Banda liwe limekamilika, limepuliziwa dawa na kukaa tupu wiki mbili kabla hawajafika, kwa hiyo fundi awe amekabidhi kazi mwanzoni mwa Desemba, na zile fedha za mifuko 68 ziwe bado hazijaguswa.