Gari Halijauzwa, Tunatembea Tu

Shauri la kwanza lilitoka Ubelgiji, kwa shemeji yangu, na ndilo lililonila pesa kuliko yote. Nilikuwa nimemlalamikia kwenye WhatsApp kwamba hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka kwetu, juu kidogo ya mtaa wa Essence, mpaka shule ya watoto upande wa Nyawera, gari linakula karibu saa nzima kila asubuhi, na kwamba nafikiria kuwapeleka kwa miguu. Akajibu papo hapo: "Shemeji, nunua kigari cha kusukuma. Huku wote tunafanya hivyo. Mdogo anakaa, mkubwa anashika pembeni, mnafika bila jasho."

Watu wa Bukavu mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.

Tuna watoto wawili wa shule. Mkubwa ana miaka saba. Mdogo wake humwita Yaya, yaani mkubwa wake, na sasa hata sisi wazazi tunamwita hivyo. Mdogo bado yuko chekechea, nyumbani ni Kadogo, ingawa ukimbeba utaona jina na uzito haviendani. Kwa njia ya mkato inayoshuka kati ya nyumba, shule si mbali. Kwa gari ni lazima upite pale panapoitwa Major Vangu, na saa moja asubuhi pale teksibasi zimesimama popote abiria alipopunga mkono, motari, wale madereva wa pikipiki za abiria, wamejipenyeza kila upenyo, lori la mchanga linatafuta pa kugeukia, na polisi wa barabarani anapuliza filimbi isiyomhusu mtu. Sehemu kubwa ya barabara hizi zilichorwa enzi za Wabelgiji, wakati mji ukiitwa Costermansville na magari yake yakihesabika. Tumeongeza magari, barabara tumeziacha vilevile. Watoto walikuwa wanamalizia usingizi kiti cha nyuma, mimi nachoma mafuta nikiwa nimesimama, na fundi kila nikienda ananiambia amortisa (shokomzoba) zimekufa tena. Sitaki hata kujumlisha.

Najua pia kuna atakayesema: kutembea nako ni habari? Watoto wa mji huu wametembea tangu zamani. Kweli kabisa. Tangu saa kumi na mbili na nusu vichochoro vyote vimejaa mashati meupe na bluu, na wameongezeka zaidi tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure mwaka 2019. Mtoto wa miaka minane anamshika mkono mdogo wake, wanafika, na hakuna baba anayeandika makala ya kujisifu. Sisi wenye gari ndio tuliokuwa wageni kwenye njia hiyo. Basi mnivumilie.

Kigari nilikipata soko la Kadutu, kwenye vitu vya mtumba kutoka Ulaya. Muuzaji alianzia dola arobaini, tukagombana kirafiki hadi thelathini na kitu. Kilikuwa cha bluu, magurudumu matatu, kina kipaa cha kuzuia jua, na pembeni ya mpini kina kishikio cha kuwekea kikombe. Kishikio kile ndicho kilichonimaliza. Nilijiona tayari nashuka na chai yangu.

Asubuhi yake Kadogo akapanda, akapishanisha miguu, akaanza kuwapungia majirani mkono. Mita chache tu gurudumu la mbele likazama kwenye mfereji ambao mvua imeuchimba katikati ya njia, likajigeuza ubavu, likakataa kurudi. Nikalitoa. Mbele yake njia inakuwa ngazi zilizokatwa kwenye udongo na kuzuiwa kwa mifuko ya mchanga. Hapo kigari hukisukumi. Kigari ndicho kinakuvuta, na kinataka kufika ziwani kabla yako. Nikageuka nikawa nashuka kinyumenyume, mgongo mbele, nikikishusha ngazi moja moja. Akina mama waliokuwa wanapanda na mabeseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani wakalazimika kujibanza ukutani. Mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa: "Pole, Papa. Mtoto anaumwa?" Nikamwambia hapana, ni mzima. Mama yule akatua beseni lake chini ili acheke vizuri.

Halafu tukafika kwenye ubao wa kuvukia mfereji mkubwa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa mapana kuliko ubao. Vijana wawili wabeba mizigo, waliokuwa wameniangalia kwa muda bila kusema kitu, wakaja na bei yao: faranga elfu mbili, mtoto na chombo chake. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tuliingia shuleni hivi: Yaya mbele, analia kwa aibu, nyuma yake Kadogo mgongoni mwa kijana wa kwanza, bado anapunga mkono, kisha kigari kichwani mwa kijana wa pili, na mwisho mimi, na mabegi mawili. Jioni shemeji akaandika anataka picha.

Kigari hakikupotea bure. Siku hizi kinabeba bidoni mbili za maji kutoka bombani, sehemu ile ya tambarare, na kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Kwenye kishikio cha kikombe mke wangu anaweka sabuni.

Shauri la pili lilikuwa la mwenzangu kazini: mpe mdogo biskuti kila akichoka. Msijaribu. Mtoto anajifunza haraka sana kwamba kuchoka kunalipa. Kadogo alifikia hatua ya kuchoka kabla hatujafunga mlango wa uzio.

Lakini adui mkubwa hakuwa mteremko wala tope. Ni midomo ya watu. Hapa kwetu mtu mwenye gari akionekana anatembea na watoto wake wa shule, maelezo ni mawili tu: gari limeuzwa, au limeshikwa na mwenye deni. Majirani walikuwa wanasimamisha magari yao kando yetu, kioo kinashuka, sauti inakuwa ya msibani: "Mzee, ingieni, msiteseke." Mwanzoni nilikubali kwa adabu, na kila nilipokubali, kesho yake Kadogo alisimama barabarani kusubiri kioo kingine kishuke. Ikabidi niwe mkali: asante sana, tunatembea kwa kupenda. Hawakuamini. Habari zikamfikia mwenye nyumba. Akaja Jumapili mchana, akanywa chai, akasifu watoto, akazunguka nyumba mpaka alipoliona gari kwa macho yake mwenyewe, ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama kodi ya mwezi ujao haitakuwa na shida. Nikamwashia injini aisikilize.

Kilichotuokoa hakikutoka kwa mshauri yeyote. Kadogo anawapenda makonvoyeri, wale vijana wanaoning'inia mlangoni mwa teksibasi wakiita abiria. Zamani alikuwa anawaiga dirishani mpaka mama yake anaziba masikio. Asubuhi moja alikuwa amekaa chini palepale anapokaa siku zote, katikati ya ngazi, amekataa katakata. Nikaacha kumbembeleza. Nikasimama mbele yake, nikampa mgongo, nikashika usukani wa hewani, nikawasha injini kwa mdomo. Nikasema kwa sauti, kama najisemea: "Teksi ya Nyawera iko tayari, lakini haina konvoyeri. Shofere hawezi kuondoka bila konvoyeri." Kimya. Nikapiga resi kidogo. Nikasikia anajipangusa makalio. Kisha kiganja kikanipiga pajani mara mbili, pa-pa, vile wanavyopiga bodi ya gari, na sauti ikatoka ambayo sikujua mtoto wa umri ule anayo: "Nyawera Nyawera Nyawera! Nafasi moja! Moja tu, Mama, panda twende!" Mama aliyekuwa anapita akauliza nauli ni ngapi. Konvoyeri akafikiri, akamjibu: "Jiwe."

Ikawa jiwe. Kila abiria anaokota kijiwe mlangoni kwao, konvoyeri anakusanya tukishamaliza ngazi, na getini pa shule ananikabidhi hesabu ya siku kama wanavyomkabidhi mwenye gari. Mifuko ya kaptula ikatoboka, mke wangu akaweka sheria: jiwe lisizidi haragwe. Tena konvoyeri wangu anajua kazi kweli. Teksi haiondoki bila kujaa. Abiria mmoja, ambaye ni Yaya, alimwona hamtoshi, akaanza kuwaita watoto wengine wa avenyu, wale ambao miaka yote wanatembea wenyewe na walikuwa wakituangalia tu. Wakaingia. Yaya, ambaye aibu ya kigari ilikuwa bado haijamtoka, sasa anatembea nyuma kabisa na ndiye anayefunga mlango.

Miongoni mwa walioingia kuna binti wa miaka tisa, mama yake anauza sambaza, na amekuwa akimpeleka mdogo wake shuleni peke yake bila shofere wala baba. Huyo nilimpa cheo cha polisi wa barabarani, na amenifundisha mambo ambayo usukani haukuwahi kunifundisha. Anainua mkono na kumtazama dereva machoni. Dereva asipomtazama, havuki, hata kama gari limepunguza mwendo. Motari wa kwanza akipita, anamsubiri wa pili, kwa sababu daima yupo wa pili.

Lililo baya zaidi ni milango ya teksibasi, na nikiwa ndani ya gari sikuwahi kuliwaza. Kongo tunaendesha kulia, lakini nyingi ya teksibasi zetu zimekuja na usukani wa kulia, zimeundwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto, kwa hiyo unafungukia katikati ya barabara. Watu wanashukia kwenye pikipiki, motari anawakwepa kwa ghafla, na mtoto aliyekuwa anazunguka teksibasi ile anajikuta mbele ya gurudumu. Mtoto mdogo anaiona pikipiki vizuri tu; asichoweza ni kupima mbio yake. Sisi tunatembea upande wa kushoto, magari yanatujia usoni, wadogo upande wa ukuta. Teksibasi ikituzibia njia hatuizunguki. Tunasimama mpaka iondoke, na konvoyeri wetu anautumia muda huo kumkosoa konvoyeri wao.

Tope sasa. Masomo yanaanza Septemba na mvua nazo zinarudi Septemba, mpaka Mei. Juni tunahamia vumbi. Kambambili kwenye udongo mfinyanzi ni kutafuta kuvunjika, bora bote za mpira. Viatu vya shule na soksi vinasafiri kwenye mfuko, pamoja na chupa ya maji na kitambaa kikuukuu. Pembeni ya ukuta wa shule Kadogo anatoa mguu mmoja kwenye bote, anaukanyagisha juu ya kiatu changu usiguse chini, ananishika sikio asianguke, nami naosha, napangusa, navalisha soksi, kisha kiatu. Halafu mguu wa pili na sikio la pili. Viatu vyangu mwenyewe nimeshavikatia tamaa. Mvua ikiwa kubwa hatuendi: mifereji ikijaa ule ubao haufai kupitiwa na mtu, sembuse mtoto, na mji mzima unachelewa siku hiyo, waalimu wakiwemo.

Watu wananiuliza tunaamka saa ngapi. Saa ileile. Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika arobaini, kama tulivyokuwa tunatoka na gari, na saa moja na nusu kengele inatukuta tumeshafika zamani. Kurudi saa sita na nusu ni zamu ya mama yao, na huko ni kupanda mlima kwenye jua. Yeye anatumia kipande cha muwa kwa kila mtoto na hataki kusikia habari za teksi. Mafuta nayanunua mara chache sana. Pesa iliyobaki imeenda wapi, sijui. Muulizeni muuza miwa.

Juzijuzi shemeji akapiga simu, nikamsimulia yote, nikijua safari hii nimemshinda. Akanisikiliza, akasema: "Ah, hiyo! Huku tunaiita pedibus. Wazazi wanapokezana, watoto wanakwenda kwa kundi, kuna vituo na saa. Shule nyingi wanayo." Nikakaa kimya mpaka akadhani mtandao umekatika. Mtu alikuwa anajua jambo hili wakati wote, akanishauri ninunue kigari!

Jumatatu tunaongeza abiria wawili kutoka avenyu ya juu. Mama yao alikuja jana jioni kuuliza, kwa aibu kidogo, atakuwa ananilipa ngapi kwa mwezi. Nimemwambia azungumze na konvoyeri.