Mbwa Mdogo, Maswali Mengi

Jumapili jioni, Julai

Upepo wa Dodoma mwezi huu haumwonei huruma mbwa mwenye manyoya marefu. Vumbi jekundu limejaa mpaka masikioni, mbigili zimenasa katikati ya vidole, na Maltese, mbwa mdogo mweupe, aliyeletwa kwenye kituo chetu cha kutafutia mbwa makazi mapya anafanana na dekio. Kosa la kwanza huwa ni kumkimbiza kwenye beseni. Manyoya yaliyosokotana yakilowa hujikaza zaidi, kwa hiyo chanuo kwanza, maji baadaye. Anzia nchani, huku vidole vimeshika shina ili ngozi isivutwe. Fundo likigoma, tumia mashine ya kunyolea. Mkasi ni hatari, maana ngozi huwa imeshavutwa ndani ya fundo, hasa kwapani na nyuma ya masikio.

Kupe nao. Hapa ni kwa wafugaji, dawa ya josho inapatikana kirahisi, na mtu anamimina kizibo kimoja kwenye ndoo kwa kukadiria tu. Amitrazi, sumu ya kupe iliyo kwenye baadhi ya dawa hizo, ikizidi, mbwa wa kilo 3 analegea na mapigo ya moyo yanapungua. Chihuahua, aina nyingine ya mbwa mdogo sana, ndiye asiyeihimili kabisa. Dawa nyingi za mbwa hutolewa kwa kilo, basi apimwe. Mizani ya kusimama ya nyumbani ikikosea nusu kilo, kwa mbwa huyu ni kosa kubwa. Mweke kwenye beseni juu ya mizani ya dukani, kisha toa uzito wa beseni.

Akishakuwa safi, wanaomtaka hawakosekani. Shida ni kwamba anapendwa kama mwanasesere, halafu anarudishwa kwa sababu anabweka na kukojoa sebuleni. Picha nzuri (saa moja asubuhi, kamera usawa wa macho yake, ndoo ya lita 10 pembeni ili kimo kionekane) inaleta watu, ila haiwachuji.

"Dada, huyu atalinda?" Atabweka mgeni akigusa geti, basi, mwizi hatamzuia. Swali la maana zaidi ni la geti lenyewe: uwazi wa chini ni kiasi gani? Kichwa kikipita, mwili nao utapita, na nje kuna mbwa wakubwa wa mtaani. Mtoto wa miaka mitatu akimbebe akiwa ameketi chini, maana kuanguka kutoka mikononi kunatosha kuvunja mguu. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Ya shingoni inabana koo, na wengi wa mbwa hawa wana koo dhaifu.

Aondoke na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chakula kilekile alichozoea cha kutosha wiki nzima (kwa mbwa aliyekomaa wa kilo 3, gramu 60 hivi za chakula kikavu kwa siku, zikigawanywa mara mbili), na kipande cha blanketi alilolalia. Usiku wa Julai hapa ni baridi. Simu ya kwanza kwa mlezi mpya ipigwe siku ya tatu, maana siku mbili za mwanzo mbwa hujificha chini ya kochi na kukataa kula.