Fegi ya kuzuia kutapika

Jumamosi moja ya Februari, nikiwa kidato cha pili, mjomba alituita mimi na mwanawe tukamsaidie kuchuma tumbaku shambani kwake, Urambo, mkoani Tabora, Tanzania. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulianza na majani ya chini, maana ndiyo huiva kwanza, tukiyakumbatia kwapani hadi mashati yakalowa chepechepe na vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Jua halijawa kali, kichwa kikaanza kunizunguka, mate yakanijaa mdomoni, nikautapika uji wote katikati ya matuta. Mtoto wa mjomba, mwenye mzigo kama wangu, alikuwa anapiga mluzi.

“Unaona?” akaniambia tulipopumzika kando ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. “Sumu ya jani haimpati anayevuta. Piga moja kila asubuhi, utazoea.” Akatoa fegi mfukoni. Dukani walimuuzia moja moja, ingawa tangu 2003 sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Angekuwa anadanganya ningemcheka tu. Lakini nikotini ya majani mabichi kweli hupenya kwenye ngozi, hasa yakiwa na maji, na mwili uliokwishaizoea kwa sigara hautapiki upesi. Zile imani zake nyingine nilizicheka: eti bilauri ya maziwa jioni husafisha kifua, eti sigara ya menthol ni dawa ya mafua, eti saratani ni ya wazee, na wazee wenyewe, mtazame babu na kiko chake, wanadunda. Onyo la kwenye pakiti alilijua vizuri. Alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha akawasha.

Mjomba, ambaye amelima tumbaku tangu ujana na havuti, alitukuta hapo. Aliniletea maji na sabuni, akaniambia, “Oga, mwanangu, na hilo shati usilirudie.” Akachukua mfuko wa nailoni wa mbolea, akautoboa pa kupitisha kichwa na mikono, akanivika.

“Baba, mbona wewe hutapiki na huvuti?” mwanawe akamuuliza, nusu ya kumchokoza.

“Mimi naingia shambani saa nne, umande umekwisha. Nyinyi mnakimbilia saa kumi na mbili muwahi mpira.”

Nilivaa ule mfuko hadi majani ya juu yalipokwisha na sikutapika tena. Mwenzangu aliniita Gunia msimu mzima na aliendelea na fegi zake, ila habari ya sumu ya jani hakuitaja tena.