Gari Lenye Kwikwi

Jana asubuhi, tulipokuwa tukitoka Kimara kuelekea mjini kwa Barabara ya Morogoro, mama alisinzia, kichwa kimeegemea kioo na mkoba umelala mapajani. Nimeona niliandike jambo hili kwa sababu kwa karibu miaka miwili hapakuwa na abiria aliyeweza kusinzia katika gari langu wakati wa foleni. Mama mwenyewe alikuwa na desturi ya kushika mpini ulio juu ya mlango tangu tunapowasha mpaka tunaposhuka, na siku moja, baada ya kunyamaza kwa muda mrefu, alisema kwa upole, "Mwanangu, hili gari lako lina kwikwi."

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, gia za kubadili kwa mkono, na throto, yaani kilango cha kupitisha hewa kwenda kwenye injini, inayovutwa kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye akseleta. Ugonjwa wake ulionekana zaidi katika gia ya pili, mwendo ukiwa mdogo: nikigusa mafuta lilikaa kimya kidogo kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia, kisha likaruka mbele kwa ghafla, nikiachia, lilijizuia kana kwamba nimekanyaga breki, na vichwa vyetu vyote vikaitikia kwa pamoja.

Nilinunua vitu vingi kabla ya kufikiri. Nilibadilisha plagi, nyaya zake, kifuniko cha distribyuta na kichujio cha petroli, na kila mara niliporudi kutoka Kariakoo na spea mpya nilijiaminisha kwa siku mbili kwamba kuna nafuu. Lakini ushahidi nilikuwa nao muda wote, kwani gari linalomisi kwa sababu ya moto hafifu wa plagi huteseka zaidi linapobeba mzigo, nalo langu lilipanda kilima cha Kimara nimekanyaga mafuta vizuri bila kulalamika hata kidogo. Shida yake ilikuwa pale tu mguu unapoanza kukanyaga au unapomaliza kuachia, na hapo plagi hazina kesi ya kujibu.

Jumamosi iliyopita nilifungua hozi kubwa ya hewa nikausogeza kwa kidole mkono wa throto, taratibu sana, injini ikiwa imezimwa. Kile kilango cha duara kilichomo ndani hakikufunguka. Kilishikilia, nikaongeza nguvu, kikaachia ghafla kwa mlio mdogo. Pembeni mwake palikuwa na pete ya masizi meusi yenye mafuta, yaliyoletwa na mvuke wa oili ambao injini huurudisha kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Nilisafisha kwa kitambaa na spre ya kusafishia kabureta, nikiipulizia kwenye kitambaa badala ya ndani ili isiingie kwenye sensa iliyo ubavuni, kifaa kinachoiambia kompyuta throto imefunguka kiasi gani, na sikutumia bisbisi kukwangua.

Nilipowasha, nilidhani nimeliua. Silensi, yaani kasi ya injini wakati mguu hauko kwenye mafuta, ilipanda juu ya mizunguko 1,500 kwa dakika, ikashuka karibu na kuzima, ikapanda tena, bila kukoma. Nilikaa kwenye kigoda nikaisikiliza kwa muda, na ni katika kuisikiliza ndipo nilipokumbuka historia. Zamani fundi mmoja aliona silensi iko chini, akakaza skrubu ya kuzuia throto ili kilango kibaki wazi kidogo. Mwingine akaja baadaye, akaizungusha sensa ya throto mpaka injini ikatulia. Wote wawili walikuwa wakirekebisha masizi bila kuyaona, na sasa masizi yalikuwa yameondoka, marekebisho yao yakabaki.

Ndani ya sensa hiyo mna swichi inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Swichi ikiwa imefunga na injini ikiwa inazunguka kwa kasi, kompyuta hukata petroli kabisa. Kasi ikishuka huirudisha. Kwa kuwa sensa yangu ilikuwa imezungushwa kupita kiasi, iliendelea kusema "ameachia" hata baada ya kilango kuanza kufunguka, kwa hiyo hewa iliingia bila petroli, kisha petroli ikaja kwa mkupuo. Hiyo ndiyo kwikwi ya mama.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira zaidi kuliko nguvu. Nililegeza ile skrubu mpaka kilango kikafunga chenyewe, nikairudisha ikagusa tu. Nikapunguza ulegevu wa waya wa akseleta. Kisha nikalegeza skrubu mbili za sensa na kuizungusha kidogo kidogo, mita ya umeme ikiwa mkononi, mpaka swichi ikawa inaachia mara tu kilango kinapoanza kusogea. Volti ilisoma 0.5 throto ikiwa imefungwa, ndani ya kiwango cha 0.3 hadi 0.8, na nilipoifungua polepole ilipanda bila kuruka wala kudondoka. Kwa kipimo hiki mita ya mshale ni bora kuliko ya tarakimu, kwa sababu mshale ukishtuka jicho huuona, ilhali tarakimu huwa zimeshabadilika.

Lawama kwa mafundi wale sina nyingi, kwa kuwa niliwalipa ili silensi itulie, nayo ilitulia. Kinachonisumbua ni jinsi nilivyojifundisha kuishi na ubovu ule: nilikuwa nikikanyaga klachi nusu kila ninapoachia mafuta ili kuficha mshtuko, na nilikuwa nikijiita dereva mwangalifu.

Raba ya nyuma inayoshikilia injini imepasuka, na nikiachia klachi kwa haraka bado nasikia "duk" chini ya sakafu. Hiyo itasubiri mwisho wa mwezi. Jana, tulipokaribia Ubungo, foleni ilisogea na kusimama kwa dakika nyingi, gari likaenda kwa ulaini katika gia ya pili, na kila nilipoachia mafuta mguu wangu wa kushoto uliinuka wenyewe kuitafuta klachi, bila kuambiwa.